Maswali ya Chuo cha Uuguzi, Majibu ya Nyumbani

Daftari la mwanafunzi wa uuguzi limejaa maswali mafupi. Mtoto anayeharisha apewe nini kwanza? Mtoto wa miezi saba akivuta pumzi mara ngapi kwa dakika ndipo tuseme ana hatari? Ni dalili zipi zikionekana mgonjwa hapaswi kungojeshwa hata kidogo? Mwanafunzi huyasoma maswali hayo usiku na mchana, kwa kuwa anaijua siku ya mtihani wake na anajua kwamba akishindwa atapewa nafasi ya kurudia.

Lakini wako watahiniwa wengine wa maswali hayo hayo ambao hawajapewa ratiba. Mama wa kijiji cha Mvumi, wilayani Kilosa, huulizwa swali la kwanza usiku wa manane wakati wa masika, njia imejaa tope, na mumewe amelala shambani akilinda mazao. Anayemtahini ni mwanawe aliye mapajani. Mtihani wa namna hiyo hauna marudio. Kwa sababu hiyo ukurasa wetu wa leo unalifungua daftari la mwanafunzi na kulileta sebuleni.

Wasomaji wengine wakisikia jina la Mvumi huikumbuka Mvumi ya Dodoma, yenye hospitali ya Kanisa Anglikana na chuo cha afya. Hii tunayoizungumza ni Mvumi ya mkoa wa Morogoro, kata ya wakulima. Wilaya yake haikukosa elimu ya tiba: mjini Kilosa kuna chuo cha kufundisha matabibu, na Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Hata hivyo, mvua zikinyesha sana, kilomita chache huwa safari ndefu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja nyumba na reli, na maelfu ya watu wa Kilosa wakahamia katika mahema. Januari 2014 yakaja mafuriko ya Magole na Dumila, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Katika ugonjwa wa kipindupindu ulioanza nchini Agosti 2015, Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Maji machafu yakishaingia visimani, kuharisha hufuata.

SWALI LA KWANZA: Mtoto anaharisha. Apewe nini kwanza?

Wengi wetu tungejibu, "Dawa ya kufunga tumbo." Mwanafunzi akijibu hivyo hukatwa alama. Kinachomwua mtoto anayeharisha, aghalabu, ni kupotewa na maji na chumvi za mwili. Kwa hiyo jibu sahihi ni kumrudishia kile anachokipoteza, tena mapema, kabla macho hayajadidimia.

Dawa yenyewe ni pakiti ya ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari ya glukosi. Huenda msomaji akashangaa kwamba kitu hafifu namna hii kinaokoa maisha. Siri yake imo utumboni. Hata wakati wa kuharisha sana, ukuta wa utumbo unaendelea kupokea chumvi na glukosi zikija pamoja, na zikipita huvuta maji nyuma yake. Maji matupu hayafanyi kazi hiyo vizuri, na maji yenye sukari nyingi kupita kiasi huzidisha kuharisha. Ndiyo maana kipimo hakina mzaha.

Ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1971. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wamesongamana kambini Bangaon, nchini India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya kutundikia mishipani yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na glukosi zipimwe, zichanganywe na maji, na wagonjwa wanyweshwe. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefikia kama 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Na walionywesha walikuwa akina nani? Wauguzi hawakutosha, walionywesha kwa sehemu kubwa walikuwa mama, baba na ndugu wa wagonjwa. Jambo hilo ndilo tunalotaka jamaa wa Mvumi walizingatie kuliko yote.

Basi fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, uyaache yapoe. Soma kiasi kilichoandikwa juu ya pakiti, maana nyingi ni za lita 1 lakini ziko ndogo zaidi. Mimina pakiti yote katika maji ya kiasi hicho, koroga, na yaliyosalia baada ya saa 24 yamwage. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Aliye na miaka 2 au zaidi apewe mililita 100 hadi 200. Mnyweshe kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole.

Ikiwa pakiti haipo na duka limefungwa, pima maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Uji mwepesi na maji ya wali yenye chumvi kidogo yanafaa pia hadi utakapopata pakiti.

Mambo mawili yaongezwe. Kwanza, mtoto anyonye na ale. Desturi ya kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" humdhoofisha na kumrudisha kitandani. Pili, tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamehimiza vidonge vya zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Waulize wahudumu wa zahanati juu ya vidonge hivyo. Usivikatize hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Ukiona damu katika choo, macho yamedidimia, au ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole na kuiachia inarudi polepole sana, hapo kazi ya nyumbani imefikia mpaka wake. Mpeleke mtoto zahanati, nawe ukiendelea kumnywesha njiani.

SWALI LA PILI: Pumzi ngapi kwa dakika moja?

Kichomi, yaani homa ya mapafu, huua watoto wengi wadogo, na mara nyingi hutiwa katika kapu la mafua ya kawaida. Mwanafunzi hufundishwa kukitafuta kabla hajakigusa kipimo chochote. Hufunua kifua cha mtoto, hutazama kinavyopanda na kushuka, na huhesabu. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji saa na utulivu.

Mtoto awe ametulia. Anayelia au anayenyonya usimhesabu. Hesabu dakika nzima, maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Hatari ni hizi: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi kutimiza mwaka, pumzi 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Mtoto mwenye kikohozi aliyefikia hesabu hiyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kuhesabu.

Kumkanda kwa mafuta na kumfunika mablanketi hakutibu kichomi. Kadhalika vidonge vilivyobaki vya mgonjwa wa mwaka jana visiguswe. Dawa, kipimo na idadi ya siku vinatoka kwa mtaalamu.

SWALI LA TATU: Ni dalili zipi zisizongoja kupambazuke?

Hili ndilo swali ambalo mwanafunzi akilikosa, mwalimu hukunja uso. Majibu ni manne: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, na amelegea mno au hana fahamu. Moja tu likitokea, ni safari. Kwa kichanga aliye chini ya miezi 2, ongeza homa, mwili kuwa wa baridi, au kukataa ziwa.

Hapa hapana budi tuseme neno juu ya degedege. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wamelihusisha na mashetani au na ndege apitaye usiku, na mtoto hufukizwa moshi kwanza. Wazee waliofanya hivyo walimpenda mjukuu wao, wala hatuwadharau. Lakini degedege lenye homa laweza kuwa malaria iliyofika kichwani, nayo haingojei moshi uishe. Utafiti uliofanywa Ghana, Tanzania na Bangladesh, ukachapishwa mwaka 2009, uliwatazama wagonjwa wa malaria kali walioshindwa kumeza dawa. Kwa watoto wadogo ambao hawakuweza kufika hospitali ndani ya saa 6, waliopewa mapema dawa ya artesunate kwa njia ya haja kubwa walikufa au kupata ulemavu wa kudumu kwa kiasi cha nusu tu ya wenzao ambao hawakuipata. Somo lake kwetu ni kwamba saa chache zinaweza kuamua. Mtoto anayetikiswa na degedege mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na msafiri.

Lingine ni "meno ya plastiki." Mtoto mwenye homa na kuharisha hupelekwa kwa mtu amng'oe kile kinachodaiwa kuwa meno mabaya kwenye ufizi. Kinachong'olewa ni vichipukizi vya meno yake halali. Ugonjwa unabaki, na juu yake huongezwa kidonda, damu na uchafu. Kama mtoto wako ana homa, mahali pake ni zahanati, apimwe malaria na apewe dawa kulingana na majibu.

SWALI LA NNE: Mikono inawiwa lini?

Swali hili lina jibu fupi, na kila mwanafunzi hulipata: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kulisha. Kulijua ni rahisi, kulitenda kila siku ndiyo kazi. Weka kibuyu au kopo lenye tundu na kipande cha sabuni karibu na choo, si jikoni peke yake.

Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakuwa wauguzi. Walitambua kwamba elimu ya afya haimilikiwi na mwenye joho jeupe.

Baba asidhani makala haya yameandikwa kwa mama peke yake. Mara nyingi nauli iko mfukoni mwake, na ruhusa ya safari iko kinywani mwake. Bibi naye husikilizwa kuliko redio. Basi jioni ya leo kaeni pamoja. Andikeni dalili zile nne na hesabu za pumzi katika karatasi, mzibandike nyuma ya mlango. Nunueni pakiti mbili za ORS, mziweke mahali pakavu. Jueni ni nani kijijini mwenye pikipiki anayeweza kugongewa mlango usiku, na tengeni nauli isiyoguswa kwa chumvi wala kwa sherehe. Kisha mkubwa wa watoto aulizwe maswali haya manne, ajibu mbele ya wote. Akikosea, nyumbani kuna nafasi ya kurudia.