Miaka ya mzee si ya wizi

Jumapili moja, baada ya Misa, katekista alitangaza kwamba mama mmoja wa mtaa wetu ametimiza miaka 80, na wana wake waomba wakristu wamwimbie wimbo wa shukrani. Tukaimba. Lakini mlangoni pa kanisa tukasikia vijana wawili wakinong'onezana. Mmoja akasema: «Watoto wake watatu wamekufa, naye angali hapa. Miaka hiyo ameipata wapi?» Mwenziwe akacheka.

Sisi hatukucheka. Neno lile si mchezo. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa walisingiziwa uchawi, wakauawa na watu wa vijiji vyao wenyewe, wengine kwa moto. Moto ule haukuanza na kuni. Ulianza na kicheko kama kile cha mlangoni.

Basi twasema waziwazi: miaka ya mzee si ya wizi. Yatoka kwa Mungu. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa kwa mzee yafaa ifanyiwe sikukuu, tena mbele ya watu wote.

Twajua mtakavyojibu.

Wa kwanza wasema: «Hiyo ni desturi ya Wazungu, tena ya watoto wadogo wenye keki na mishumaa.» Keki iacheni, wala hatuitaki. Lakini kumshukuru Mungu kwa uzima, hilo nalo ni la Wazungu? Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Izaki alipoachishwa ziwa, naye alikuwa amepita miaka 100. Hakuna aliyemwambia kwamba furaha si ya wazee.

Wa pili ni hodari wa Maandiko. Wasema: «Katika Biblia, Farao na Herode ndio waliofanya karamu ya kuzaliwa kwao, na katika karamu ya Herode Yoane Mbatizaji alikatwa kichwa.» Ni kweli. Lakini kosa la Herode halikuwa kuzaliwa, wala kula na rafiki zake. Kosa lake lilikuwa kiapo cha kipumbavu, na kuogopa aibu mbele ya wageni. Na Kanisa lafanyaje? Watakatifu wengi lawakumbuka siku ya kufa kwao. Walakini laadhimisha kuzaliwa kwa Bwana wetu tarehe 25 Desemba, kwa Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na kwa Yoane huyo huyo tarehe 24 Juni. Herode hakutunyang'anya sikukuu ile.

Wa tatu wasema: «Mzee wetu hajui tarehe yake.» Wengi ndivyo walivyo, katika karatasi zao umeandikwa mwaka wa kukisia tu. Lakini je, mmekwenda misioni kuuliza kitabu cha Ubatizo? Siku ile alizaliwa mara ya pili, nayo ni bora kuliko ya kwanza. Na kama kitabu kimepotea katika vita, ipo sikukuu ya somo wake. Mwenye nia hakosi siku.

Wa nne wasema: «Hatuna feza.» Hapo ndipo tunapokasirika. Mzee akifa, feza zaonekana: sanduku zuri, turubai, viti vya kukodi, kitenge cha sare kwa ukoo mzima, mashati yenye picha yake kifuani. Na picha yenyewe ilitoka wapi? Mara nyingine ni ile ya kadi ya uchaguzi, kwa maana tangu hapo hakuna aliyekumbuka kumpiga nyingine. Alipokuwa hai aliomba sabuni, mkamwambia angoje. Sahani ya bugali na sombe, kuku mmoja, wajukuu wakicheza ngoma uani: je, hayo yashinda bei ya matanga?

Tena fikirini jambo hili. Katika Misa kwa ibada yetu ya Kongo, iliyokubaliwa Roma mwaka 1988, twawaita watakatifu na mababu zetu wenye moyo mnyofu wawe pamoja nasi. Twawaita waliokufa kwa sauti kubwa, kisha twapita mbele ya mzee aliye hai bila kumwamkia! Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema penye makaburi ya wazee.

Sasa twageuka kwenu ninyi, wazee wetu. Baba zetu, mama zetu, mtusamehe, lakini wengine wenu mwajizika kabla ya wakati. Mwakaa jikoni katika moshi tangu asubuhi hata jioni, mkisema: «Sisi tumekwisha.» Miguu isiyotembea husahau njia. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, hakutoka hekaluni, na alipomwona Mtoto Yezu aliwasimulia watu habari zake. Papa Yoane XXIII alichaguliwa mwaka 1958, naye alikaribia miaka 77. Wengi walidhani atakaa kimya tu, na kumbe mwaka 1962 alifungua Mtaguso Mkuu.

Hatuwaombi Mtaguso. Twawaomba mtembee mpaka kanisani, mfume vikapu, mwafundishe wajukuu sala na hadithi, mwatembelee wagonjwa pamoja na Legio Maria. Maana mtu anayefichwa huogopwa, na anayeogopwa husingiziwa. Hatusemi kwamba kosa ni la mzee; kosa ni la msingiziaji. Lakini bibi anayejulikana na watoto wote wa mtaa, aliyewaimbisha na kula nao siku yake, nani atawadanganya watoto wale kwamba ni mchawi?

Mwaka uleule wa 2021, marehemu Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu na Wazee, Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai. Siku hiyo ni njema, lakini ni moja tu. Kila parokia na isome majina ya wazee wake kila mwezi, na kila ukoo uandae sahani.

Nanyi, vijana wawili wa mlangoni, mliuliza miaka ile ameipata wapi. Amepewa na Mungu. Mwaka ujao njoni mle pamoja naye, mkamwulize mwenyewe.