KODI YA WASIO NA WATOTO

Wako wenzetu hapa Singida wasemao kwamba asiye na mtoto hana mzigo, hivyo yafaa atozwe kodi zaidi. Sisi hatukubali.

Wajerumani walitutoza kodi ya nyumba tangu 1898. Waingereza, kwa sheria ya 1922, wakamtoza kodi ya kichwa na kijana asiye na nyumba. Zilihesabiwa nyumba na vichwa, hawakuhesabiwa watoto. Urusi ya Kisovieti ndiyo iliyothubutu mwaka 1941 kuwatoza waume na wake wasio na watoto.

Twauliza: karani atajuaje nani hakutaka mtoto na nani hakujaliwa na Mungu? Amwulize mezani, mbele ya watu? Tena huyo mara nyingi ndiye anunuaye sare na madaftari ya watoto wa nduguye. Kuzaa si kazi, kazi kulea.

Kweli, kodi ya mshahara ya leo haimjali mwenye watoto wengi. Basi apunguziwe yeye. Mzazi ataleta vyeti vya wanawe kwa furaha. Asiyejaliwa hana cha kuleta ila huzuni yake.