Shukrani haziishii kwenye pilau

Wadau, nimerudi. Najua niliwaacha kimya tangu mwezi wa nne mwaka jana, na wengine mmekuwa mkiulizana kantini kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nilikuwa na mambo ya nyumbani, na ya nyumbani hayaandikiki yakiwa bado ya moto.

Kwa kifupi, mama alianguka. Kwetu ni Lushoto, juu kidogo ya Soni, na kwa nyie mnaotoka tambarare, niamini nikisema shamba letu limesimama kama ukuta. Ilikuwa masika, udongo unateleza kama sabuni, mama anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akavunjika mfupa wa paja. Alikaa kitandani miezi, kisha akaanza upya kujifunza kutembea kama mtoto. Ng'ombe wawili wakauzwa, akabaki mmoja. Kipande cha shamba la viazi kikawekwa rehani.

Mimi nilipanda wiki ile ya kwanza, nikakaa siku nne, nikarudi Mlimani kuwahi UE. Baada ya hapo nikawa natuma nyumbani kile nilichobana kwenye bumu na kupiga simu kila jioni. Nilijiona nimefanya kweli. Ukishatuma elfu hamsini wakati unakula chipsi kavu, unajiona shujaa wa familia, au siyo?

TP ilipoisha nikapanda basi pale Mbezi, nikashukia Mombo, nikaanza kupanda ule mlima. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za kona tupu. Nimeipita njia hiyo tangu mdogo, lakini siku ile nilikuwa naangalia mteremko na kuwaza kwamba kila tuta ninaloliona kuna mtu aliinama akalitengeneza, na asipolirudia msimu ujao mvua italibeba.

Nyumbani nikamkuta mama anatembea na fimbo. Yaani nilivyofika tu akanigombeza kwa sababu nimeingia na viatu vya matope! Wadau, sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile. Nilitoka nje nikajifanya nakung'uta viatu, kumbe machozi.

Wiki iliyofuata ukoo ukaamua kufanya dua ya shukrani. Mbuzi akachinjwa, pilau ikapikwa, sheikh akaja, majirani wakajaa mpaka kwenye baraza. Baba mkubwa akasimama akashukuru. Alimshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, akawashukuru waliochanga, halafu akasema, "Na kijana wetu wa chuo, ambaye hakututupa." Watu wote wakanigeukia, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Mdogo wangu alikuwa jikoni anapuliza moto.

Sasa nieleze. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tatu mama alipoanguka. Hakuna kikao kilichokaa kusema aache shule. Siku ya kwanza alibaki nyumbani kumwogesha mama. Siku ya pili alibaki kwa sababu ng'ombe hawakuwa na majani. Ikawa wiki, ikawa miezi. Shuleni jina lake likaingia kwenye watoro. Mimi niliyekuwa napiga simu kila jioni, na ndiye aliyekuwa ananipokelea, sikumuuliza hata mara moja, "Leo umesoma nini?" Nilikuwa nauliza mama anaendeleaje, halafu nakata.

Basi kule nje tunajibu ameen, mama akainuka na fimbo yake. Tulidhani anakwenda msalani. Akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama kwenye moshi, akasema, "Hongea, mwanangu. Hongea sana." Binti akaweka mwiko chini, akalia mpaka wale mama waliokuwa wakimsaidia wakanyamaza.

Kwa wasiojua Kisambaa, hongea ndiyo asante yetu. Sikio la Mswahili litasikia hongera humo ndani, na mimi napenda kulisikia hivyo. Unakuwa unamwambia mtu kwamba kazi uliyoifanya nimeiona.

Na hapo ndipo kwenye hoja yangu ya leo. Sisi ni mafundi wa kushukuru kwa mbali. Tunamshukuru Mungu, na ni haki yake. Tunamshukuru aliyetuma hela, kwa sababu hela inahesabika. Lakini aliyebeba maji, aliyeamka saa kumi alfajiri, aliyemgeuza mgonjwa usiku ili asipate vidonda, huyo tunamchukulia kama ukuta wa nyumba. Tumezoea kusema fadhila ya punda ni mateke. Mimi nasema kuna mateke mengine hayana kelele, nayo ni kutomwona mtu kabisa. Dini yenyewe inatufundisha kwamba asiyewashukuru watu bado hajamshukuru Mungu.

Bibi anakumbuka utotoni mwake wakoloni wa Kiingereza wakiwalazimisha Wasambaa kupiga matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko. Watu walichukia, wakapinga, mpango ukaachwa mwaka 1957. Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine, SECAP, wa serikali yetu pamoja na Wajerumani. Huo ulihimiza watu kupanda majani ya guatemala kukata mteremko, yashike udongo na yalishe ng'ombe wa zizini. Majani hayo mpaka leo yapo, ndiyo aliyobeba mama siku ile. Kazi ni ngumu vilevile, mgongo unauma vilevile. Lakini mtu anayelazimishwa na mtu anayeona faida ya jasho lake hawafanyi kazi kwa moyo mmoja. Nyumbani nako ni hivyo hivyo.

Usiku ule nilimwambia baba kwamba mdogo wangu arudi shule. Baba akanyamaza, akauliza, "Na mama yenu nani atamwangalia?" Hakuwa na ubaya, lilikuwa swali la kweli. Nikasema likizo hii yote majani nakata mimi, na mdogo wetu wa kiume ana miaka kumi na mbili, ataanza kuchota maji, hajavunjika mkono. Wadau, siku tatu za mwanzo za kukata majani nilikuwa siwezi kushika hata kijiko. Huyu binti alifanya hivyo miezi sita na bado alikuwa anapika.

Bahati nzuri tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi, na ada mpaka kidato cha nne ilishafutwa. Sare, madaftari na michango ndiyo kazi. Januari mwaka huu amerudi, anarudia kidato cha tatu na watoto waliokuwa nyuma yake. Anaona aibu. Kuna siku anapiga simu anasema kaka, nimechoka, nakaa nyuma peke yangu. Sijui kama atafika mwisho. Ila sasa kila jioni swali langu la kwanza ni yeye amesoma nini.

Sitasema nashukuru mama alianguka ili tujifunze. Hapana. Kuna watu walituambia "kila jambo lina heri yake" huku binti wa watu anapoteza mwaka. Ninachoshukuru ni kwamba nyumba bado ina kelele, mama anagombeza viatu, maharage yanaungua kidogo na baba analalamika halafu anaongeza sahani.

Na nyie wenzangu wa ualimu, tunakwenda kushika mahudhurio ya watoto wa watu. Kabla kalamu haijaandika mtoro, tuulize kwao kuna nini. Na leo ukipiga simu nyumbani, usimuulizie mgonjwa tu. Muulizie na anayemuuguza.

Haya, nina tesiti Jumatatu na desa sijalifungua. Tuonane kantini.