Matusi kwenye simu ya kazini: karani asiachwe ajibu peke yake

KIGALI - Biashara ya mpakani siku hizi inafanyika kwenye simu. Bei ya kusafirisha kontena, namba ya lori, nakala za hati za forodha, vyote hupita kwenye makundi ya WhatsApp yenye madereva, mawakala na wenye mizigo kutoka nchi tatu au nne. Ndani ya makundi hayo yumo karani wa kike wa kampuni ya uwakala, ambaye namba yake inajulikana na kila mtu. Lori likikwama Rusumo au Gatuna, yeye ndiye wa kwanza kutafutwa.

Mwenye mzigo ana haki ya kulalamika. Lakini maneno yanapoacha hati na kugeukia umbile la karani, au picha chafu zinapotumwa kwake, hilo si lalamiko la mteja tena. Swali linalowakabili wafanyakazi na waajiri wao ni hili: ajibu vipi, tena mbele ya kundi zima?

Nchini Rwanda sheria ipo. Sheria Na. 60/2018 ya makosa ya mtandao, katika kifungu cha 35, inamlenga anayetumia kompyuta au simu kumsumbua au kumtisha mwenzake kwa kusambaza vitu vya aibu, au kwa nia mbaya kumpiga mtu picha bila ridhaa yake. Adhabu ni kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2, pamoja na faini ya faranga milioni 1 hadi milioni 2. Kumtukana mtu hadharani nako ni kosa chini ya sheria ya makosa ya jinai ya mwaka huo huo.

Hata hivyo, panga hilo linakata pande zote mbili. Karani mwenye hasira akiichukua picha ya mteja na kuizungusha makundini ili kumwaibisha, anaweza naye kujikuta akihojiwa kwa kifungu kile kile. Aliyeonewa anageuka mtuhumiwa.

Kwa hiyo jibu la hadharani liwe moja, fupi na la kazi. Mfano: "Hati za mzigo huu zinashughulikiwa. Lugha hii haikubaliki, na uongozi umejulishwa." Baada ya hapo asibishane. Kabla ya kuifunga namba ya mtukanaji au kufuta ujumbe, apige picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Namba yenyewe ni muhimu, kwani mtumaji anaweza kuwa Mwanza au Nairobi, na kila nchi ina sheria yake: Tanzania ya mwaka 2015, Kenya ya mwaka 2018. Kwa Rwanda, malalamiko hupelekwa RIB, ambayo namba yake isiyolipiwa ni 166.

Umuhimu wa ushahidi ulionekana Kenya, katika tukio zito kuliko matusi. Mwaka 2014 abiria mwanamke alivuliwa nguo ndani ya basi eneo la Githurai, Nairobi, na video ikasambaa kwenye simu. Video hiyo ilipofika kwa umma, wahusika walisakwa. Mwaka 2017 watu watatu walitiwa hatiani, wakiwamo dereva na kondakta wa basi hilo.

Lakini mzigo huu si wa karani pekee. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018, inakataza bosi kumsumbua kingono aliye chini yake, na inakataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu ametoa taarifa. Mtukanaji wa kwenye kundi si bosi, ni mteja. Hapo ndipo penye pengo. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unayahesabu mawasiliano ya kazi ya simu na intaneti kuwa sehemu ya kazi, na unataka watu wa nje ya kampuni nao waangaliwe. Rwanda na Uganda ziliuridhia mwaka 2023.

Kwa mwenye kampuni hatua ni rahisi kueleza, ngumu kutekeleza. Awape makarani namba za ofisi badala ya namba zao binafsi. Jibu la pili kwa mtukanaji litoke kwa meneja, kwa jina la kampuni. Na mteja aelezwe mapema kwamba akirudia, mzigo wake hautashughulikiwa.

Wengi wataogopa kumpoteza mteja mkubwa. Hesabu hiyo haijakamilika bila gharama ya upande wa pili. Karani anayejua mfumo wa forodha, anayefahamika mpakani na anayekumbuka kila mzigo ulipo, akiondoka kimya kimya huacha malori yamesimama, na kila siku ya kusimama ni fedha. Mteja mwenye matusi naye hatabadilika. Atamtukana karani atakayefuata.