Kigae hakina kabila

Katika siasa za Kenya, hakuna hoja inayoumiza kama ile ya nani alitangulia kufika wapi. Wakazi wa Kianda na vijiji vingine vya Kibera wanaijua gharama yake: mapema 2008, baada ya uchaguzi uliozua utata, majirani walifurushana kwa misingi ya kabila. Anayedai utangulizi hutafuta ushahidi wa kale, na kwa karne ambazo hazikuandikwa, ushahidi ulio mwingi zaidi ni vigae, yaani vipande vya vyungu. Kwa hivyo ni muhimu umma ujue uwezo wa vigae na mipaka yake. Kigae chaweza kutuambia watu waliishi lini na waliishi vipi. Hakiwezi kumpa yeyote hatimiliki.

Chungu huvunjika upesi, lakini vipande vyake haviozi. Mtaalamu huvipanga kwa kutazama udongo, umbo la mdomo na nakshi, kisha hutazama vimetoka tabaka gani la ardhi. Mkaa uliofukuliwa pamoja navyo hupimwa umri kwa kaboni, mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940. Kila aina hupewa jina, mara nyingi la mahali ilipotambuliwa. Vyungu vya Urewe, vya magharibi mwa Kenya, vinajulikana kwa kishimo kidogo kitakoni na mistari iliyokatwa kabla udongo haujakauka. Urewe basi ni jina la mahali na la mtindo. Anayelisoma kama jina la kabila ameongeza neno ambalo udongo haukulisema.

Ushahidi wa kuzuia kosa hilo upo humu humu nchini. Miaka ya 1980, mtafiti Ingrid Herbich aliwachunguza wafinyanzi wa Kiluo, akaona kwamba wengi walijifunza kazi hiyo baada ya kuolewa, wakifundishwa na mama mkwe au wake wenza. Hata aliyekuja na ujuzi wa kwao alielekezwa afuate mtindo wa alikoolewa. Ndiyo maana vyungu vya watu wa lugha moja vilitofautiana kutoka kundi moja la wafinyanzi hadi jingine. Katika Bonde la Ufa, nako, wafugaji wa kale waligawanywa na wataalamu katika mila mbili kuu kwa sababu ya vyungu na zana zao za mawe. Utafiti wa DNA ya mifupa yao uliochapishwa 2019 uliwakuta watu wa mila zote mbili wakiwa na nasaba inayofanana mno.

Pwani nayo inaonyesha hasara ya kuharakisha hukumu. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba mji wa kale wa Manda, aliamini mji ule ulianzishwa na wageni kutoka Ghuba. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, alikuta chini ya majengo ya mawe matabaka ya nyumba za miti na udongo za karne ya 8, yenye vyungu vya kienyeji kwa wingi kuliko vya kutoka ng'ambo. Dhana kwamba miji ya Waswahili ililetwa na majahazi ikapwaya.

Yupo atakayeuliza: je, wataalamu wenyewe hawaihusishi Urewe na wasemaji wa lugha za Kibantu? Wanaihusisha, na kwa sababu nzuri. Mtindo unapoenea pamoja na uhunzi na kilimo, na wanaisimu wakafikia jambo hilo hilo kwa njia yao, ni haki kuamini kwamba watu pia walihama. Lakini hapo tunazungumzia familia kubwa ya lugha, na makabila ya leo yalijiunda karne nyingi baadaye. Tena maisha ya sasa yanatuonya: atakayechimba Kianda miaka elfu ijayo atakuta sufuria na mitungi ya plastiki ya aina moja katika nyumba za Waluhya, Waluo, Wakamba na Wanubi.

Kusema hivi si kumnyima mtu asili yake. Makavazi yetu na vitabu vya shule viwafundishe watoto tarehe na mitindo hii, pamoja na namna ilivyojulikana, ili mwanasiasa akipanda jukwaani na kudai ardhi kwa jina la mababu waliotangulia, wasikilizaji wajue kumuuliza ushahidi wake unathibitisha nini hasa.