Shimo Gumu Halishindwi kwa Mkono Mrefu

Imekwisha kuwa kama itikadi miongoni mwa wanaoanza kuujua mchezo wa gofu, na hata miongoni mwa baadhi ya waliouzoea, kwamba mashimo magumu ya uwanja mgumu ni milki ya wenye nguvu, kwamba apigaye mpira mbali kuliko wenzake ndiye astahiliye ushindi, na kwamba mchezaji anayesimama mbele ya bwawa kisha akachukua fimbo fupi amefichua uoga wake mbele ya hadhara. Nimeisikia dhana hii hapa Nzuguni, Dodoma, ambapo tunajulikana kwa viwanja vya Nanenane, kwa stendi kuu ya mabasi na kwa Soko la Job Ndugai, wala si kwa gofu. Nimeisikia kwa vijana wanaotazama mashindano ya ng'ambo katika televisheni, na kwa watumishi waliohamia Dodoma na fimbo zao, waliokuwa wakicheza Lugalo au Gymkhana kule Dar es Salaam. Naipinga kwa moyo wangu wote, kwa kuwa imewapotosha wanafunzi wengi, na kwa kuwa imewaaminisha wanawake, wazee na watu wenye miili midogo ya kwamba mchezo huu haukuwekwa kwa ajili yao.

Mtu atazame kwanza shimo gumu jinsi lilivyotengenezwa. Aliyelichora hakuweka bwawa, banka za mchanga na miti mirefu mahali popote palipomjia. Aliviweka pale hasa ambapo mpira wa mwenye pupa huangukia, na pembeni akaacha njia pana kwa yule anayekubali kufika kwa mkwaju mmoja zaidi. Pupa ya mchezaji imetiwa katika hesabu tangu siku ya kwanza ya ramani. Basi mtu anayelishambulia shimo la namna hiyo kwa nguvu zake zote hamshindi mchoraji, anamtii.

Hesabu yenyewe haihitaji elimu kubwa. Mpira unaokwenda yadi 200 ukikengeuka kwa nyuzi 5 huanguka yadi 17 hivi kando ya mstari; kosa lile lile katika yadi 250 huupeleka yadi 22, na yadi hizo tano aghalabu ndizo zinazotenganisha nyasi fupi na kichaka. Chukua tena mfano wa shimo la mikwaju 4, yaani linalokadiriwa kumalizwa kwa mikwaju minne, lenye bwawa mbele ya grini, zile nyasi zilizonyolewa zinazozunguka tundu, na mchezaji awezaye kulivuka mara tatu katika kila majaribio kumi. Akilijaribu siku zote, mara tatu atamaliza kwa mikwaju 4, na mara saba, kwa adhabu ya maji na fadhaa inayoifuata, tuseme atamaliza kwa 6: jumla yake ni mikwaju 54. Mwenziwe aliyesimamisha mpira kabla ya maji, akavuka kwa fimbo fupi na kumaliza kwa 5 kila mara, amepiga 50. Wa kwanza atasimulia mavuko yake matatu mwaka mzima. Wa pili ndiye atakayechukua kikombe.

Hapa ndipo linaponiudhi zaidi jambo moja ambalo wachezaji wa kawaida hulifanya bila kulifikiri. Mwenye hendikapu ya 18 amepewa na kanuni za mchezo mkwaju mmoja wa ziada katika kila shimo, na lile shimo gumu kuliko yote, lililoandikwa namba 1 kwa ugumu katika kadi ya uwanja, likiwa la mikwaju 4, kwake yeye linakadiriwa mikwaju 5. Amekirimiwa, naye anaikataa karama. Anasimama pale akijilazimisha kufanya kazi ya bingwa kwa fimbo asiyoimudu, kisha anatoka na mikwaju 8 na kulaumu upepo.

Na mabingwa wenyewe wameadhibiwa. Mwezi wa Julai 1999, huko Carnoustie katika Uskoti, Mfaransa Jean van de Velde alifika kwenye shimo la 18 la mashindano ya Open akiwa mbele kwa mikwaju 3, hivi kwamba hata mikwaju 6 katika shimo la mikwaju 4 ingalimpa taji. Alianza kwa fimbo kuu, ile ya kupigia mbali, mpira ukapotoka kuliani kwa mbali lakini, kwa bahati, ukatua mahali pazuri. Bahati ile ilikuwa ni mwaliko wa kurejea katika hadhari: angaliupiga kidogo tu ukakaa mbele ya mto, akavuka kwa mkwaju wa tatu, akamaliza kwa utulivu. Yeye aliilenga grini. Mpira uligonga jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma, ukagonga ukuta wa mawe wa mto na kutumbukia katika majani marefu. Wa tatu ukaingia majini, naye akavua viatu na kushuka mtoni kuutazama. Baada ya adhabu akapiga wa tano ukaingia bankani, wa sita ukatoka, wa saba ukaingia shimoni. Akawa amelingana tu na wapinzani wake, na katika mchuano wa kuamua mshindi taji lilimwendea Paul Lawrie, aliyeianza siku ile akiwa nyuma kwa mikwaju 10. Wapo wasemao kwamba van de Velde alionewa na lile jukwaa. Mimi nasema jukwaa lilikuwa pale tangu asubuhi, na mto ulikuwa pale kabla yake.

Sisi watu wa nyanda za kati tunapaswa kuyatia maanani zaidi mashindano hayo hayo ya mwaka 2006, yaliyochezwa Hoylake nchini Uingereza, kwa kuwa ardhi ya Hoylake mwaka ule ilifanana na ya kwetu wakati wa kiangazi. Ukame ulikuwa umezikausha nyasi zikageuka rangi ya hudhurungi, na mpira ukianguka ulikimbia kama juu ya sakafu. Tiger Woods, ambaye nguvu zake hazikuwa na shaka kwa mtu yeyote, aliitumia fimbo kuu mara moja tu katika mashimo 72. Aliona kwamba ardhi ngumu humpa mtu urefu bila kumwomba, na kwamba ardhi hiyo hiyo huusukuma mpira uliopotoka hadi ndani ya banka ambazo hakuna atokaye humo ila kwa kurudi kando. Basi akaacha urefu ujilete wenyewe, akashinda kwa mikwaju 18 chini ya kadirio. Mwaka uliofuata, huko Augusta katika Marekani, Zach Johnson, mchezaji wa mkono wa kadiri, hakujaribu hata mara moja kuifikia kwa mikwaju miwili grini ya shimo lolote la mikwaju 5. Katika mashimo hayo peke yake alijipatia mikwaju 11 chini ya kadirio, akamwacha Woods nyuma kwa mikwaju miwili.

Najua nitajibiwa kwa jina la Bryson DeChambeau, ambaye mwaka 2020 aliutwaa ubingwa wa Marekani katika uwanja mkali wa Winged Foot kwa kupiga mbali, akawashinda wenzake kwa mikwaju 6. Najua pia kwamba Mark Broadie, profesa wa Columbia, ameonyesha kwa takwimu nyingi kuwa mikwaju ya mbali huwatofautisha wachezaji kuliko ile ya karibu na shimo. Hoja hizi ni nzito, na sizikwepi. Urefu ni neema, nao hulileta karibu kila shimo. Lakini DeChambeau alikuwa amepima kwamba katika uwanja ule njia zilikuwa nyembamba kiasi cha kuwaangusha majanini hata waangalifu, na kwamba kutoka majanini fimbo fupi ni bora kuliko ndefu. Alichagua nguvu baada ya kuisoma ardhi. Hesabu za Broadie nazo humwamuru mchezaji ailenge grini mbali na upande wenye hatari. Na katika Winged Foot hiyo hiyo, mwaka 1959, Billy Casper alilitazama shimo la tatu, refu na la mikwaju 3, akaona grini yake imezungukwa na mitego. Akausimamisha mpira mbele yake kwa makusudi siku zote nne, na siku zote nne akamaliza kwa mikwaju 3. Alitwaa ubingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Wakazi wa mkoa huu wana ushahidi wao wa nini hutokea pale nguvu inapotangulia kuisoma ardhi. Kongwa haiko mbali na hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta yake kulima karanga katika nchi kavu ambayo Wagogo walikwisha kuijua mvua yake na udongo wake; udongo ule ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mitambo ikaharibika, na mwaka 1951 mpango ukafutwa.

Tukirudi kwenye gofu, ardhi yetu yenyewe inatufundisha: Dodoma imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Nairobi, ambako wachezaji wetu huenda kushindana Muthaiga na Karen, zaidi ya mita 1,600. Katika hewa nyepesi ya miinuko hiyo mpira huenda mbali zaidi wenyewe, hata urefu ukawa ndicho kitu tunachokihitaji kidogo kuliko vyote. Tunachokikosa ni unyofu, na subira mbele ya upepo. Anayepiga kwa nguvu zaidi dhidi ya upepo, uwe kusi kule Vipingo katika pwani ya Kenya au huu wa mashariki unaotutimulia vumbi hapa, huuzidishia mpira mzunguko wa kurudi nyuma, nao hupanda badala ya kwenda. Dawa yake ni fimbo ndefu zaidi na mkono mpole. Kedi wetu wanalijua hili, na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianzia kwenye kazi hiyo ya kubeba fimbo za wengine na kutazama makosa yao.

Kwa hiyo navitaka vilabu vya Lugalo, Morogoro, Arusha na Moshi vifanye jambo moja lisilo na gharama. Mara moja kwa mwezi wanafunzi wacheze mashimo 18 huku fimbo kuu zikiwa zimefungiwa stoo, na kila mmoja, kabla ya kupiga, amwambie kedi wake ni wapi anataka mkwaju wa pili uanzie. Kadi za siku hiyo zibandikwe ubaoni kando ya kadi za juma lililotangulia, zenye majina yale yale, na zisibanduliwe mpaka kila mwanachama awe amezisoma.