Hakuna Matata, Kwa Nani?

Wenye maduka ya nguo huko Ulaya na Marekani wana ugonjwa wa kuchapa kwenye tisheti maneno ya lugha wasiyoijua. Yakiwa ya kwetu, watachapa Jambo, watachapa Simba, na zaidi ya yote watachapa Hakuna Matata, chini wanaweka twiga na jua linalozama. Eti inapendeza.

Sisi wa Kiswahili cha Goma, matata tunayajua. Ni ugomvi, ni kesi ya shamba kati ya ndugu, ni vita. Mtu akisema "kuko matata", watu wanaanza kufunga mizigo. Sasa tisheti ile inavaliwa kidogo huko, inatupwa, inaingia kwenye belo, inavuka bahari, na mwisho iko kwenye mwili wa mtoto wa miaka kama sita pale Nkamira, hapa Rubavu, mtoto aliyevuka mpaka na ndala moja. Kifuani: hakuna matata. Niliiona kwa macho yangu. Wakubwa waliokuwa pale walicheka, lakini si kicheko cha furaha. (Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, lakini caguwa bado inafika. Hata jina lake ni Kiswahili: chagua.)

Mtu ataniambia, ndugu yangu, ni nguo tu. Mbona Disney hawakuona ni nguo tu? Waliomba kusajili maneno hayo mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, na mwaka 2003 wakapewa Marekani alama ya biashara ya kuyatumia kwenye nguo. Desemba 2018 Mzimbabwe Shelton Mpala akaanzisha ombi la kupinga, watu zaidi ya 100,000 wakaliunga mkono. Yani kumiliki neno wanajua. Kuuliza maana yake kwa anayelisema, hapana.

Wala wasijitetee eti kiwanda kiko mbali. Wanawake wa pwani walivaa kanga zilizochapwa Uholanzi, Uingereza, India, Japani, na mafundi wa huko Kiswahili hawakukijua. Lakini maneno yalitoka Mombasa, kwa wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak, waliojua kwamba mama ananunua kanga ili imjibu jirani au mke mwenza. Maneno yakiwa ya ovyo, mzigo unalala dukani.

Duka la leo halina hofu hiyo, juu mteja wake hasomi. Wanaosoma ni sisi tulio mwisho wa belo, na sisi hakuna anayetuuliza. Hata hivyo wenzetu waliopelekwa kuishi huko wako katika miji hiyohiyo, wengine wanafagia maduka hayohayo usiku. Kumwita mmoja wao, kumlipa saa moja asome kabla mashine haijawashwa, ni gharama gani?